Mtu Aliyetuomba Tumlaumu

Katika Goma yote nimemjua mtu mmoja tu aliyefurahi ukimwambia kazi yake ni mbovu. Wengine ukithubutu kuwaambia hivyo wanakununia hadi Krismasi, na sisi Waislamu hadi Idi. Yeye alivuta kiti. Alitoa kalamu sikioni, akasogeza miwani, akakutazama kana kwamba umemletea nyama. "Rudilia, mama," alisema. "Rudilia polepole. Ulifinya wapi? Halafu ikafanya nini?"

Tulimwita Prof, kama tunavyowaita walimu wote wa sekondari huku kwetu. Alifundisha informatique, mambo ya kompyuta, katika shule ambayo kompyuta zake zilikuwa chache na umeme wake ulikuwa hadithi. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sikuuliza. Katika mji wetu hilo si swali la amani, na mimi nina njia za kutosha za kugombana na watu bila hilo.

Mimi nachaji simu za watu. Kibanda changu kiko Birere: ubao mrefu wenye nyaya kama utumbo wa mbuzi, paneli za jua juu ya bati, jenereta ndogo kwa siku za mawingu. Mbele ya macho yangu wananiita Mama Zaina. Nikigeuka wananiita Mama Mdomo, wakidhani sisikii. Nasikia. Babu zetu walikuja na biashara toka Kasongo, kule Maniema, na nadhani mdomo huu walikuja nao kwenye mizigo. Siku ya kwanza Prof alipoleta simu zake kuchaji, nilimwambia ule mpira aliofungia betri unanuka na utaniunguzia kibanda. Alicheka hadi akakohoa. "Weye njo mutu nilikuwa natafuta," akasema.

Alichotafuta ni watu wa kujaribu programu yake ya simu. Iliitwa Njo Huyu, yaani "ndiye huyu" kwa Kiswahili cha kwetu. Haikuwa ya kuuza, wala hakuitengeneza peke yake. Aliitengeneza na watu ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso, mmoja Brazili, mwingine Nairobi, wengine sijui wapi, kila mmoja anaandika kwake na kuwaonyesha wenzake. Ilikuwa kitu cha wazi, alinieleza, kama jiko la mama asiyefunga mlango: yeyote anaingia, anafunua sufuria, anaonja, akiona chumvi imepungua anaongeza. "Lakini kama hakuna mutu wa kuonja," alisema, "siku ya wageni tutapakua kibichi."

Kazi yake ilikuwa hii. Ukikuta mtoto amepotezana na wazazi wake katika kukimbia, unampiga picha, unaandika jina lake na mahali mlipo. Simu yako inaiweka habari hiyo. Ukipishana njiani na mtu mwenye Njo Huyu, simu yako inaipasia simu yake, zenyewe kwa zenyewe, bila réseau, ule mtandao wa simu, bila unités za kulipia, bila mtu kugusa kitu. Naye akipishana na mwingine inaendelea. Ndivyo habari ya mtoto ingetembea kwa miguu ya watu hadi imfikie mama yake, hata kama minara yote ya simu imeungua. Niliposikia hivyo nilimrudishia pesa ya kuchaji, jambo ambalo si kawaida yangu. Kisha nikamwambia maandishi yake ni meupe juu ya njano, na nani atasoma hivyo juani? Aliporudi tena kuchaji, yalikuwa meusi.

Watu walidhani aliwahi kupoteza mtoto. Mama Furaha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliniapia kabisa. Si kweli, hakupoteza mtu. Volkano ilipopasuka ile mara ya kwanza na lava ikashuka katikati ya mji, ikameza maduka, ikameza nyumba yangu na kila kilichokuwa ndani, yeye alikuwa kijana aliyetoka shuleni juzi, mwenye sauti ya kufika mbali. Kule tulikokimbilia wakampa megafoni asome majina ya watoto waliookotwa peke yao. Alisoma toka asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku. Mama anasikia jina, anakimbia, anafika, anamtazama mtoto, si wake. Anarudi anakaa chini. Jina linasomwa tena. Wengine hakuna aliyewajia kabisa. Sauti yake iliharibikia pale, na tangu hapo alizungumza kama mtu mwenye mchanga kooni.

Na majina hayakumtoka. Wanafunzi wake mwenyewe aliwachanganya, huyu anamwita yule, wanacheka darasa zima. Lakini akitembea peke yake kuelekea Majengo ungemsikia anayataja ya wale watoto wa megafoni, moja baada ya lingine, kwa mfuatano ule ule aliowasomea. Nilimwambia aache, watu watamwona mwehu.

"Nikibaacha miye," alisema, "nani atabasoma?"

Nikamrudishia simu yake.

Jumamosi alikuwa na mchezo aliouita siku ya kupotea. Alikusanya watu uwanjani pa shule, akina mama wa kanisa lake, madereva, wauza makaa, wanafunzi wake, yeyote mwenye simu inayokubali ile programu. Alivaa koti lake la harusi kwa heshima yetu, jua linawaka, jasho linamtiririka. Wanafunzi wachache ndio walikuwa "watoto waliopotea", wanatumwa huku na huku. Sisi wengine tunatawanyika, hawa Birere, hawa upande wa uwanja wa ndege, hawa ufukweni, tunatembea, tunapishana, kisha wote tunarudi shuleni kuona kama majina ya waliopotea yamefika kwenye simu zetu. Halafu anatununulia Fanta. Mshahara wa mwalimu wa kwetu mnaujua, na yeye ananunua Fanta.

Tukisharudi anasimama mbele yetu. "Sasa muniambie bibaya," anasema. "Bizuri mubaki nabyo. Nataka bibaya tu. Nani jina halikumufikia? Nani ilimukwama? Munipe rapport, habari kamili."

Watu wanaangalia chupa zao.

"Iko bien, Prof," anasema mmoja, maana yake iko sawa.

"Iko bien sana," anasema mwingine.

"Mungu akubariki, Prof," anasema Mama Furaha, ambaye alimpenda kuliko wote, na kweli alikuwa mama mwenye adabu, hata akikukanyaga anakuombea dua. "Kazi ni muzuri. Akuna probleme."

Kisha wanafungua simu zao kumwonyesha, na kweli, majina yote yapo, picha zote zipo. Prof anapita simu kwa simu, anatikisa kichwa, hafurahi. Mimi nasimama nyuma nikilalamika kwamba neno la kufutia liko karibu mno na neno la kuhifadhi, na mtu mwenye kidole kinene kama changu atamfuta mtoto wa watu. Analiandika hilo kwa furaha ya ajabu. Lawama zake zote zilitoka kwangu, wallahi, na mimi ni mtu mmoja.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu nikisema watu wetu walimdanganya mtadhani ni watu wabaya. Si wabaya. Mji huu umeulizwa maswali hadi umechoka. Tangu ile lava ya kwanza wanakuja vijana wa mashirika wenye gilet, vile vizibao vyao, na tableti, wanakaa kwenye kiti ulichowapangusia, wanakuuliza: mahindi mliyopewa ni mazuri? Maji yanafika? Hema linafaa? Nasi tumejifunza. Ukisema maji hayafiki, mradi unahamia kwa watu wanaosema yanafika. Ukisema mahindi yana wadudu, mwezi ujao hakuna mahindi. Basi unasema iko bien. Mtoto mdogo kabisa kambini Kanyaruchinya, kabla hajajua kuhesabu, anajua kumwambia mwenye tableti iko bien. Na juu ya hapo kuna adabu. Mtu amekuja na koti lake, kakununulia kinywaji, kazi yake ni ya bure, analia kwa ajili ya watoto wa watu. Utamwambia usoni kwamba kitu chake hakiendi? Una roho gani?

Mimi nilikuwa nayo hiyo roho. Lakini hawakuzaliwa wengi kama mimi.

Kulikuwa na Papa mmoja dereva, mzee wa familia za kwetu za Maniema, analeta vitunguu na maharagwe toka Rutshuru. Prof alimwekea Njo Huyu kwenye simu na kumwomba aitazame njiani. Aliporudi Prof alimngojea kibandani kwangu.

"Papa, iliendaje?"

"Muzuri sana. Iko bien kabisa."

"Uliifungua fasi gani? Rutshuru ao njiani?"

"Hapana, sikufungua."

"Sasa unajua aje kama iko bien?"

Mzee akamtazama kwa huruma ya kweli. "Prof, kitu umetengeneza weye kitakosa kuwa bien?"

Niliangua kicheko. Prof hakucheka. Aliinamisha kichwa juu ya ubao wangu katikati ya nyaya, na alipokiinua macho yalikuwa na maji. "Mama Zaina," aliniambia, "hawa batu bananipenda hadi bataniua." Nilidhani anazidisha mambo, kama walimu wanavyopenda.

Akaona atumie werevu. Jumamosi moja alitangaza kwamba atakayeleta kosa la programu atapata kipande cha sabuni. Astaghfirullah, mngeona mambo! Makosa yalimiminika kama mvua. Mmoja alisema inamla betri usiku akiwa ameizima simu. Mwingine alileta kioo kilichovunjika tangu zamani, kakiangusha mwenyewe kisimani na jirani zake wote wanajua. Mama mmoja alisema tangu awekewe programu mtoto wake hanyonyi. Prof aligawa sabuni zote, akarudi nyumbani, akajaribu kila kosa moja moja kwa uaminifu, hata la yule asiyenyonya. Hakuna lililokuwa kweli. Na hasara kubwa haikuwa sabuni. Tangu siku hiyo mwenye lawama ya kweli aliona haya kufungua mdomo, asionekane mwombaji.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi chake, ila alikiweka mahali pengine. Aliimba kwaya, na kwa sauti ile ya mchanga, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi si wa kanisa lao, lakini nilialikwa harusi, nikasikia kwa masikio yangu, nikamwambia ukweli: Prof, unawatisha maharusi. Alininunia. Alipeleka simu zake kuchaji kwa jirani yangu, yule mwenye jenereta ya moshi, muda mrefu tu. Aliporudi alisema, "Programu yangu uichambue. Sauti yangu umwachie Mungu." Alikuwa pia na hasira za ghafla kwa wanafunzi, alirusha chaki. Na alikuwa mkaidi. Ukimwambia apumzike anaongeza mwendo. Mke wake aliniambia anakula akiwa amesimama, kama askari.

Halafu volkano ikapasuka mara ya pili. Mbingu ilikuwa nyekundu juu ya Munigi, tukakimbia, tukarudi, na siku chache baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka na kuta zinapasuka, ikatoka amri mji uhame. Mji mzima, mchana, barabarani. Wengine mpaka wa Gisenyi, wengine njia ya Sake. Mimi nilikwenda Sake na Zaina wangu na jenereta mgongoni mwa mtu. Barabara ile ilijaa magodoro, mbuzi, wagonjwa, pikipiki. Tulipita Lac Vert tukiwa tumebanana kiasi kwamba ukiinua mguu unakosa pa kuurudisha. Hakukuwa na réseau hata kidogo. Nikasema moyoni, haya Prof, siku yako imefika.

Katika msongamano ule Mama Furaha alipotezana na kitinda mimba wake, Baraka. Mtoto alikuwa ameshika kitenge cha dada yake, kisha akawa ameshika kitenge cha mtu mwingine. Mama yake alipanda na kushuka barabara ile akipiga kelele hadi watu wakamshika kwa nguvu. Simu yake, yenye Njo Huyu, ilikuwa naye muda wote.

Na mnajua nini? Baraka alionekana. Shemasi mmoja wa kanisa lao, mtu wa siku za kupotea, alimkuta Sake kwenye ua wa kanisa, akampiga picha, akaandika jina, akaandika mahali, kama alivyofundishwa. Alimwacha kwa familia moja iliyokuwa pale, akaondoka kumtafuta mama, asijue mtoto ni wa nani. Alipishana na Mama Furaha siku ile ile, bega kwa bega, wenyewe walikuja kugundua baadaye. Alipishana na wengi wetu. Hakuna simu iliyompasia mwenzake chochote.

Tuliporudi mjini Prof alituita uwanjani pa shule. Tukaja, vumbi mwilini. Akasema tufungue simu. Mama Furaha akafungua yake, amesimama karibu na shemasi, na picha ya Baraka ikaingia pale pale mkononi mwake. Mtoto amesimama kwenye ua, anakula biskuti. Chini yake: Sake, kanisani.

Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Walikwenda Sake na pikipiki saa ile ile, Prof na yeye. Ua ulikuwa mtupu. Familia ile ilikuwa imeendelea njia ya Minova, watu wakasema, au wamepanda mtumbwi, hakuna aliyekuwa na hakika. Walitafuta Minova. Walitafuta Bukavu. Baraka hajaonekana hadi leo ninapoandika haya.

Prof alizeeka palepale. Lakini alikuwa na jambo moja tu kichwani: kwa nini hazikupasiana? Kwa sababu bado kuna volkano, bado kuna vita, na Baraka si wa mwisho. Wenzake wa mbali walimwandikia awasaidie kwa habari: simu zilikuwa za namna gani, zilikuwa zinashikwaje, zilikuwa zimewashwa? Akapita nyumba kwa nyumba. Aliwauliza wote waliopita barabara ile. Telefone ilikuwa mukononi ao ndani ya sakoshi, kwenye mkoba? Mukononi, Prof. Kioo kilikuwa kinawaka? Kilikuwa kinawaka, Prof. Uliona nini? Ni réseau, Prof. Ni batu walikuwa bengi. Ni Mungu, usijitese. Alimwuliza Mama Furaha mwenyewe, na mama yule, macho yamevimba, alimpigapiga begani, yeye ndiye akimfariji mwalimu. "Ilikuwa mukononi," akasema. "Programu haina kosa. Ni bahati yangu."

Akachukua simu mbili, moja kila mkono, akatembea toka Goma hadi Sake akizitazama. Zilipasiana njia nzima. Akarudi na malengelenge miguuni na hakuna alichojua.

Kisha waasi wakaingia mjini. Sitaeleza ile wiki. Aliyekuwepo anajua na asiyekuwepo hatanielewa. Ila neno lile alilolipenda Prof, rapport, likawa neno la kumwua mtu. Mwenye kutoa rapport ni mpelelezi, na mwenye kuzikusanya ni mkubwa wa wapelelezi. Sasa mfikirie mtu anayepita nyumba kwa nyumba na mfuko wa simu, anauliza ulipita wapi, ulimwona nani, ulipiga picha gani. Watu walifuta Njo Huyu mbele yangu, kwenye ubao wangu. Mchana mmoja vijana wenye bunduki walimchukua Prof darasani. Alikaa kwao, sijui walimfanya nini, hakusema kamwe. Alipoachiliwa alikwenda nyuma ya nyumba yake, akaweka zile simu zote za majaribio juu ya jiwe la lava, akazivunja kwa nyundo mwenyewe, kabla hawajarudi kuziulizia.

Alibaki na moja, na hiyo aliniletea kuchaji. Nikamwuliza wale wenzake wa mbali wanasemaje.

"Bamefunga," alisema. "Mutu wa Brazili njo alikuwa wa mwisho. Anasema hakuna mutu anatuma rapport, kwa hiyo hakuna mutu anaitumia. Ameenda kwa kazi ingine."

"Na wewe?"

"Miye ni mwalimu wa informatique, Mama Zaina. Sina hata kompyuta." Akachukua simu kabla haijajaa, akaenda zake. Nilimwacha aende, nikabaki nimekasirika na kila mtu aliyepita pale mbele yangu hadi jioni.

Mara ya mwisho nilimwona ni kwa sababu ya Mama Furaha. Alikuja kibandani asubuhi, amevaa viatu vya safari. Anaondoka na watoto waliobaki kwenda Kampala kwa dada yake, akasema, lakini hawezi kuondoka kabla hajamwona Prof, na anaogopa kwenda peke yake. Kuogopa nini, nikamwuliza, ni jirani yako. Nikafunga kibanda, tukaenda.

Prof alikuwa ameketi kwenye ukuta wake wa mawe, amekonda, shati linamning'inia. Shule ilikuwa imefungwa tena. Alipotuona alisimama akatafuta viti. Mama Furaha alikataa kukaa.

"Prof," alisema, "ile telefone haikuwa mukononi. Ilikuwa ndani ya sakoshi."

Prof aliacha viti, akamgeukia.

"Nilikuwa najua. Ikiingia ndani ya sakoshi, kioo kikizima, inalala. Haipokei kitu. Ningali njiani, mbele ya kuja kwako, nilikuwa nafungua, naona mutupu. Nikishafika kwako uwanjani, batu bote bamefungua zabo, majina yanaingia yote mara moja. Na weye unaona iko bien."

"Tangu lini?" akauliza Prof.

"Tangu siku ya kwanza ya kupotea. Siye wengi tulikuwa tunajua."

Mimi niliwaza simu zangu, ninavyozijaribu kutwa nzima, na mdomo wangu wote huu, na zote ziko kwenye waya, zinachaji, na Jumamosi naishika yangu mkononi nikiitafutia kasoro, hazilali kamwe. Nisingeona hilo kosa hata ningeishi miaka mia.

"Juu ya nini haukuniambia, mama?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Ulikuwa umevaa koti," alisema Mama Furaha. "Ulikuwa umetununulia Fanta. Ningekuambia aje?" Akaanza kulia, bila sauti. "Na ile siku uliniuliza, mutoto amekwisha kupotea. Ningesema nilijua, ningekuwa mama gani?"

Prof alikaa tena kwenye ukuta. Kisha, wallahi, nilimwona mkono ukienda sikioni kutafuta kalamu, na hapakuwa na kalamu. Akaanza kumwuliza, kwa sauti ile ya mchanga, polepole, kama zamani. Telefone ni ya namna gani? Inalala haraka ao inakawia? Ukiifungua tena, inaanza yenyewe ao unaifinya? Na Mama Furaha akajibu kila swali, akipangusa pua kwa ncha ya kitenge, wazi kabisa, bila kumpamba. Ilikuwa rapport nzuri. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba mtu mwenye kompyuta na wenzake angelimaliza jambo lile kwa muda mfupi tu.

Alipomaliza, Prof alimwambia, "Aksanti, mama. Hakuna mutu aliwahi kunipa kitu kama hiki."

Mama Furaha alimshika mikono yote miwili. "Sasa utaitengeneza? Ili hata kama si Baraka, mwingine amupate wake?"

Vipande vya zile simu vilikuwa bado nyuma ya nyumba, mvua imevipiga. Nilimtazama Prof. Nilidhani sasa atasema ukweli, yeye aliyetuomba ukweli miaka yote ile hadi tukamchoka.

"Nitaitengeneza, mama," alisema. "Naanza kesho. Uende salama."

Nilimsindikiza Mama Furaha hadi kituo cha magari. Alitembea wepesi, sikumwona akitembea hivyo tangu Sake. Njia nzima alikuwa ananiambia, umeona, ningesema zamani, umeona alivyofurahi, sasa itaenda bien. Aliniuliza kama mimi pia naona hivyo.

"Ndiyo, dada," nikamwambia. "Itaenda."